Kupima chembe za usaha kwenye mkojo pale figo inaposhukiwa kuvimba

Fomu nyingi zinazonijia maabara zimeandikwa maneno yaleyale: homa, kiuno kinauma, angalia chembe za usaha. Mgonjwa anakabidhi kikopo, anakaa kwenye benchi, na baada ya muda anapewa cheti chenye tarakimu mbili na kistari katikati. Tano hadi nane. Kumi hadi kumi na tano. Akirudi kwa daktari anaambiwa ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, anaandikiwa dawa, anakwenda zake.

Mwongozo huu nawaandikia wadogo zangu wanaoanza kazi ya maabara kwenye vituo vya afya na hospitali za wilaya, pamoja na mgonjwa yeyote anayetaka kujua kinachofanyika nyuma ya lile dirisha la kupokelea vikopo. Tuelewane mapema juu ya jambo moja. Tarakimu ile haisemi "figo", wala haisemi "bakteria". Inasema kuna chembe nyeupe za damu kwenye mkojo, ndizo hizo tunazoziita chembe za usaha, basi. Zimetoka wapi na kwa nini zimefika huko, hiyo ndiyo kazi yetu kuitafuta, na kazi yenyewe inaanzia chooni kabla hadubini haijawashwa.

Chembe hizi zinafikaje kwenye mkojo

Chembe nyeupe hutoka kwenye damu na kukimbilia mahali palipojeruhiwa au kuvamiwa. Bakteria wakipanda kutoka kwenye mrija wa nje hadi kibofu, na kutoka kibofu wakaendelea juu mpaka kwenye figo, chembe hizi huwafuata kila waliko, kisha husombwa na mkojo. Mara nyingi bakteria mwenyewe ni E. coli, anayeishi kwa amani kwenye utumbo wetu na kuleta balaa akihamia kwenye njia ya mkojo.

Mgonjwa ambaye figo imevamiwa utamtambua hata kabla hajakupa fomu. Ana homa ya kutetemeka, anatapika, na anashika ubavu, siyo kinena. Daktari akimgonga taratibu pale mbavu za mwisho zinapokutana na uti wa mgongo, anaruka. Aliyeugua kibofu peke yake kwa kawaida hulalamika kuungua wakati wa kukojoa na kwenda haja ndogo kila mara, lakini homa kali hana.

Ipo pia figo inayovimba bila bakteria yeyote, kwa mfano vile vichujio vidogo vya figo vinaposhambuliwa na kinga ya mwili wenyewe. Huko nako chembe nyeupe huonekana. Nitarudi kwake baadaye, maana ndiko makosa mengi yanakofanyika.

Hatua ya kwanza: kumwelekeza mgonjwa

Ukiniuliza ni wapi kipimo hiki huharibikia, nitakujibu bila kusita: kwenye zile sekunde kumi tunazomwambia mgonjwa "kalete mkojo" na kumwachia kikopo mkononi. Mgonjwa hajui tunataka mkojo upi. Atakwenda, atajaza kikopo kuanzia tone la kwanza, na tone hilo la kwanza limebeba chembe na bakteria wa kwenye ngozi na uke. Sisi tutazihesabu, na mtu ambaye figo zake ni nzima atameza dawa siku saba.

Mtoe pembeni, uongee naye kwa sauti ya chini, kwa heshima yake. Kwa mtu mzima wa makamo ya bibi yangu mimi husema hivi: "Shikamoo bibi. Huu mkojo siutaki wote. Nawa kwanza mikono, kisha jisafishe huko chini kwa maji na sabuni, suuza vizuri. Mkojo wa kwanza uache uende chooni. Ukishaanza kutoka sawasawa, ingiza kikopo, kikifika nusu kitoe, unaobaki umalizie chooni. Usiguse ndani ya kikopo wala ndani ya kifuniko." Halafu namwomba anirudishie maelezo kwa maneno yake mwenyewe. Wengi wanasahau pale pa kuacha mkojo wa kwanza, na ndiyo sehemu yenye maana kuliko zote.

Mwanamke ajipanguse kutoka mbele kwenda nyuma, na wakati wa kukojoa atenganishe midomo ya uke kwa vidole viwili ili mkojo usipite juu ya ngozi. Mwanamume ambaye hajatahiriwa arudishe govi nyuma. Asitumie dawa ya kuua vijidudu badala ya sabuni, kwa sababu ikidondokea kikoponi itaua bakteria tunaotaka kuwaotesha. Mwanamke aliye kwenye hedhi, kama hali yake inaruhusu, ni bora asubiri imalizike. Kama ni mgonjwa sana, pima hivyo hivyo, lakini uandike kwenye cheti kwamba yuko hedhini.

Mkojo wa alfajiri ni mzuri zaidi kwa sababu umekaa kibofuni saa nyingi na umekolea. Mgonjwa wa dharura hatuwezi kumsubirisha hadi kesho, kwa hiyo wowote utakaopatikana unatosha, ila usimnyweshe lita mbili za maji ili aupate haraka. Utapokea maji yenye rangi, na chembe zitakuwa zimetawanyika mno kiasi cha kukudanganya.

Kwa mtoto mchanga, vile vifuko vya plastiki vinavyobandikwa vina tatizo: mkojo unagusa ngozi yote. Kifuko kikitoa majibu safi, tunayaamini. Kikitoa chembe nyingi, majibu hayo hayatoshi kumwanzishia mtoto dawa, inabidi mkojo uchukuliwe upya kwa njia safi. Mama anaweza kumpakata mtoto bila nepi huku kikopo kikiwa tayari, na mtu mwingine akapitisha shashi iliyolowa maji baridi chini ya kitovu, kwa mzunguko, taratibu. Baadhi ya watoto hukojoa ndani ya dakika chache. Mtoto aliyezidiwa achukuliwe mkojo kwa mpira mwembamba unaoingizwa kibofuni, na mhudumu aliyefunzwa.

Kikopo kiwe kipya, kikavu, chenye mdomo mpana na kifuniko kinachobana. Mama mmoja aliniletea mkojo wa mwanawe ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi aliyoisuuza kwa haraka. Kijiti cha kupimia kikaonyesha sukari tele. Mama alikuwa analia mlangoni, ameshaambiwa na jirani kwamba mtoto ana kisukari. Tulimpa kikopo chetu, tukarudia, sukari haikuwepo hata chembe: ilikuwa sharubati ya ile dawa. Tangu siku hiyo sipokei chupa ya nyumbani, hata mgonjwa anune vipi. Bora nimpe kikopo kingine.

Jina, namba na saa ya kukojoa viandikwe kwenye kikopo chenyewe. Vikiandikwa kwenye kifuniko, vifuniko vikichanganyika mezani na watu nao wamechanganyika.

Hatua ya pili: saa

Chembe nyeupe hazidumu kwenye mkojo. Mkojo ukiwa mwepesi au wenye alkali, chembe huvimba na kupasuka, na katika joto la kawaida unaweza kupoteza hadi nusu yake ndani ya saa mbili au tatu. Wakati huohuo bakteria wachache waliokuwemo wanazaliana. Kwa hiyo kikopo kilichosahaulika kinakudanganya mara mbili: usaha unapungua, bakteria wanaongezeka.

Nilipokuwa mwanafunzi niliona hili kwa macho yangu. Kikopo cha mama mjamzito kilifika saa nne asubuhi, umeme ukakatika, kikabaki dirishani juani hadi saa tisa alasiri. Tuliposoma tulikuta chembe 2 hadi 4, tukaandika hivyo. Daktari alikuja mwenyewe, cheti mkononi, akasema mama huyu anatetemeka kitanda kizima kinalia, haiwezekani. Tukachukua mkojo mwingine, tukausoma ndani ya dakika ishirini. Chembe zilijaa uwanja mzima, yaani lile duara unaloliona ukichungulia hadubini, hazihesabiki. Nilichojifunza siku ile sijakisahau.

Pima ndani ya saa moja, zikizidi sana mbili. Ikishindikana, weka kikopo kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na kabla ya kupima kiache kirudi kwenye joto la chumba.

Hatua ya tatu: tazama kwa macho

Inua kikopo kwenye mwanga. Mkojo wenye usaha huwa na ukungu, lakini ukungu siyo lazima uwe usaha. Ukidondoshea matone machache ya asidi asetiki na ukungu ukaondoka, zilikuwa chumvi za fosfeti. Ukipasha moto kidogo na ukungu wenye rangi ya waridi ukaondoka, zilikuwa chumvi za yureti. Ukungu wa chembe na bakteria haubanduki kwa lolote kati ya hayo. Andika rangi pia. Mgonjwa anayetumia rifampisini kwa ajili ya kifua kikuu atakuletea mkojo wa rangi ya chungwa, na rangi hiyo itakusumbua kusoma kijiti.

Hatua ya nne: kijiti cha kupimia

Kijiti kina viraka vingi. Viwili ndivyo vinavyotuhusu zaidi hapa.

Kiraka cha chembe nyeupe hakihesabu chembe. Kinagundua kimeng'enya kinachotoka ndani yake, ndiyo maana huweza kuonyesha zambarau hata pale chembe zimeshapasuka na hadubini haioni kitu. Kisome baada ya dakika 2 kamili. Ukikisoma baada ya nusu dakika utaandika hakuna kitu ilhali kipo.

Kiraka cha naitraiti kinasomwa baada ya dakika 1. Bakteria wengi wa utumboni, E. coli akiwemo, hubadili naitreti ya kwenye chakula kuwa naitraiti, lakini wanahitaji muda, kama saa nne hivi mkojo ukiwa kibofuni. Mgonjwa anayekojoa kila nusu saa anaweza kuwa na bakteria tele na kiraka kikabaki cheupe. Tena wako bakteria wasioweza kabisa kazi hiyo, kama enterokoka. Kwa hiyo naitraiti ikiwepo ni ushahidi mzito, isipokuwepo haijamsafisha mtu.

Chovya kijiti upesi, kisizidi sekunde moja. Kitoe huku ukipangusa ukingo wake kwenye mdomo wa kikopo, kishike kimelala ili rangi za kiraka kimoja zisitiririkie kingine, na ulinganishe na chati karibu na dirisha lenye mwanga wa kutosha.

Kinachofanya kiraka cha chembe nyeupe kishindwe kuonyesha: sukari nyingi kwenye mkojo, protini nyingi, mkojo uliokolea mno, vitamini C nyingi, na baadhi ya dawa kama tetrasaiklini na sefaleksini. Kumbuka mgonjwa wa kisukari hapo. Yeye ndiye figo zake huathirika vibaya zaidi na ndiye kijiti humkosa. Kinachofanya kionyeshe bila sababu ya figo ni uchafu wa ukeni na vimelea vya trikomona.

Kuhusu kopo la vijiti: sisi wa pwani tuna unyevu wa hewa unaoharibu kila kitu. Funga kopo mara tu unapotoa kijiti, usilihifadhi kwenye jokofu, usikitoe kile kipakiti cha kukausha kilichomo ndani. Viraka vikianza kubadilika rangi kabla ya kuchovywa, kopo zima ni la kutupa hata kama tarehe haijafika.

Hatua ya tano: mashapo chini ya hadubini

Changanya mkojo vizuri kwa kugeuza kikopo taratibu, maana chembe hutuama chini. Mimina mililita 10 kwenye mrija wenye ncha. Zungusha kwenye sentrifuji dakika 5 kwa nguvu ya takriban mara 400 ya mvutano wa dunia. Kwa mashine nyingi ndogo za mezani hiyo ni kama mizunguko 1,500 hadi 2,000 kwa dakika. Ukizidisha kasi utavunja vitu vile vile unavyovitafuta. Mwaga maji ya juu, bakiza nusu mililita, kisha gonga mrija kwa kidole mpaka mashapo yachanganyike.

Kama mtoto amekupa mililita 3 tu, zungusha hizo 3 na uandike. Watu wawili waliozungusha kiasi tofauti hawawezi kulinganisha tarakimu zao.

Weka tone moja kwenye slaidi, lifunike kwa kioo chembamba bila kuacha mapovu. Sasa shusha kondensa, ile lenzi ya chini inayokusanya mwanga, na upunguze mwanga. Wanafunzi wengi hufungua mwanga wote wakidhani wataona zaidi, kumbe vitu hivi havina rangi na mwanga mkali unavifuta kabisa.

Anza na lenzi ya 10, zunguka slaidi nzima, hasa kwenye kingo za kioo. Ndipo uende lenzi ya 40 na kuhesabu chembe nyeupe katika nyanja 10 tofauti, upate wastani. Mtu mzima mwenye afya huwa na 0 hadi 5 kwa uwanja. Usichague uwanja wenye chembe nyingi ukauandika huo. Nimeona ikifanyika, na huko ni kumwandikia mtu ugonjwa kwa mkono wako mwenyewe.

Chembe nyeupe ni ya duara, ina chengachenga ndani, na kiini kilichogawanyika vipande viwili, vitatu. Kipenyo chake ni kama mikroni 10 hadi 12. Chembe nyekundu ni ndogo, kama 7, laini, haina kiini. Ukichanganyikiwa, changanya tone la mashapo na tone la asidi asetiki asilimia 2: nyekundu zitayeyuka, nyeupe zitabaki na viini vyake vitajitokeza wazi. Fangasi nao hawayeyuki, lakini ukiwatazama vizuri utaona wanachipua, kijitoto kimening'inia kwenye mama. Kwenye mkojo mwepesi utakutana na chembe nyeupe zilizovimba, chengachenga zake zikichezacheza na kumetameta kama mchanga wa dhahabu. Ni chembe nyeupe zilezile, zihesabu.

Tazama pia chembe bapa za ngozi: kubwa, zenye pembe, kiini kidogo katikati, kama yai lililokaangwa. Zikiwa nyingi kila uwanja, mkojo huu umepita juu ya ngozi. Simama hapo, omba mkojo mwingine. Mgonjwa atalalamika kwamba unamsumbua. Mweleze kwa upole sababu, atakuelewa.

Hatua ya sita: tafuta kasti

Hapa ndipo swali la figo linapojibiwa, na hapa ndipo tunapopapita haraka kuliko kote.

Sehemu moja ya mirija midogo ndani ya figo hutoa protini iitwayo uromodulini, iliyoelezwa na Igor Tamm na Frank Horsfall mwaka 1950. Protini hiyo inapoganda ndani ya mrija hufinyangwa kwa umbo la mrija wenyewe, kisha mkojo huisukuma nje. Kibonge hicho ndicho tunachokiita kasti. Chochote kilichokuwa ndani ya mrija wakati wa kuganda kimenaswa humo. Ukiona kasti iliyobeba chembe nyeupe, chembe hizo zilikuwa ndani ya figo. Hazikutoka kibofuni, wala ukeni, wala kwenye ngozi. Kibofu hakiwezi kufinyanga kasti.

Inafanana na kipande cha tambi kilichokatwa: pande mbili zinakwenda sambamba, ncha ni za mviringo, na ndani kuna ute angavu uliozishika chembe. Kundi la chembe zilizoshikana tu halina pande zilizonyooka, limekaa kama kokoto zilizomwagwa. Pandisha na kushusha fokasi kidogo kidogo. Ule ute utauona ukijitokeza na kupotea. Angalia pia kama chembe zilizonaswa ni nyeupe kweli, kwa sababu seli za kuta za mirija ya figo nazo hunaswa, ila zenyewe ni kubwa zaidi na kiini chao ni kimoja cha duara.

Kasti huyeyuka kwenye mkojo mwepesi au wenye alkali, na husukumwa kwenye kingo za kioo. Ndiyo sababu nimesisitiza mkojo mbichi, mwanga hafifu, na kingo. Usipoziona haina maana figo ni nzima. Ukiiona hata moja, rudia kuitazama, mwite mwenzako aithibitishe, na uiandike.

Hatua ya saba: kuhesabu kwa chemba, pale inapohitajika

Wastani wa uwanja unayumba kati ya mtu na mtu. Ukitaka tarakimu inayosimama, tumia chemba ya Neubauer ileile ya kuhesabia chembe za damu. Chukua mkojo ambao haujazungushwa, uchanganye vizuri, ujaze chemba, usubiri dakika chache chembe zitulie. Hesabu chembe nyeupe katika miraba mikubwa yote 9, ugawanye kwa 0.9. Ukihesabu chembe 18, una chembe 20 kwa kila mikrolita moja. Kuanzia 10 kwa mikrolita tunasema usaha upo.

Daktari aliyesomea Urusi au Ukraini, na tunao wengi, anaweza kukuandikia kipimo cha Nechiporenko. Asikutishe. Ni hesabu ya chembe kwa kila mililita ya mkojo wa katikati wa asubuhi, na mipaka inayotumika huko ni hadi chembe nyeupe 2,000 kwa mwanamume na 4,000 kwa mwanamke. Kabla yake, miaka ya 1920, Thomas Addis huko California alikuwa akihesabu chembe kwenye mkojo uliokusanywa saa 12. Kwa kituo chetu, kumwambia mgonjwa akusanye mkojo saa 12 wakati chembe zinapasuka ndani ya saa mbili hakuna faida.

Hatua ya nane: kuotesha

Mgonjwa anayeshukiwa figo aoteshwe mkojo, na uchukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya dawa. Tumia kitanzi kinachobeba mikrolita 1, paka kwenye sahani ya CLED, yenye chakula cha kuoteshea bakteria wa mkojo, acha saa 18 hadi 24 kwenye nyuzi 35 hadi 37. Kila koloni moja, yaani kidoa cha bakteria walioota pamoja, inawakilisha bakteria 1,000 kwa mililita, kwa hiyo koloni 100 ni sawa na 100,000, kile kiwango maarufu kilichotokana na kazi ya Edward Kass miaka ya 1950. Mgonjwa mwenye homa na maumivu ya ubavu, hata 10,000 za aina moja zina uzito. Aina tatu au zaidi kwenye sahani moja, rudi hatua ya kwanza. Kama kituo chako hakioteshi, peleka sampuli kwenye hospitali inayootesha, ikiwa ndani ya chombo cha baridi.

Chembe zipo, bakteria hawapo

Hali hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu nimewaona watu waliokunywa dawa za UTI mara tano, sita kwa mwaka, na kila cheti kinasema chembe 15 hadi 20, na hakuna aliyejiuliza kwa nini haziishi.

Kwanza uliza: umekunywa dawa gani wiki hii? Wengi wamepita duka la dawa kabla ya kuja. Dozi mbili za antibiotiki zinatosha kufanya sahani isiote kitu ilhali chembe bado zipo.

Pili, kisonono na klamidia. Hapa utaratibu unageuka: tunahitaji mkojo ule wa kwanza tuliokuwa tunaumwaga.

Tatu, kichocho. Mgonjwa aliyekulia Pemba, Unguja, vijiji vya pwani au Kanda ya Ziwa, akawa na chembe nyeupe pamoja na nyekundu, alete mkojo mwingine kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, muda ambao mayai hutoka kwa wingi. Yai la kichocho cha mkojo halina mfano: refu, kubwa, na mwiba kwenye ncha moja.

Nne, kifua kikuu cha figo. Kinakwenda kimyakimya, mkojo una usaha, sahani ya kawaida haioti. Omba mkojo wa alfajiri siku tatu mfululizo, na uupeleke kwenye kipimo cha kifua kikuu. Mgonjwa anaweza asiwe na kikohozi hata kidogo.

Tano, mawe ya figo, na figo zilizovimba kwa sababu ya dawa zenyewe, zikiwemo antibiotiki za jamii ya penisilini na za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki. Kwa mgonjwa wa namna hii kumwongezea dawa zilezile ni kumzidishia.

Halafu yuko mtoto anayeletwa uso umevimba asubuhi, mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Muulize mama kama mtoto aliumwa koo wiki moja hadi tatu zilizopita, au alikuwa na vidonda vya ngozi wiki tatu hadi sita zilizopita. Kwenye hadubini utakuta chembe nyekundu nyingi, protini kwenye kijiti, na ukitafuta kwa bidii, kasti za chembe nyekundu. Chembe nyeupe zitakuwepo pia. Ukiandika hizo nyeupe peke yake, mtoto huyu atatibiwa UTI huku vichujio vya figo vikizidi kuziba na presha ikipanda.

Na kinyume chake kipo: figo imeziba kwa jiwe, usaha umefungiwa juu, mkojo unaotoka unatokana na figo nzima ya upande wa pili na unaonekana safi. Mgonjwa ana homa na ubavu unamuuma. Cheti safi kisimrudishe nyumbani.

Kuandika cheti

Andika ulichokiona, usiandike ugonjwa. "UTI" ni neno la daktari. Cheti kizuri kinasomeka hivi: mkojo wa katikati, ulichukuliwa saa 2:10 asubuhi, ulipimwa saa 2:45. Una ukungu. Kijiti: chembe nyeupe ++, naitraiti ipo, protini +. Mashapo ya mililita 10: chembe nyeupe 20 hadi 25 kwa uwanja, chembe nyekundu 2 hadi 4, chembe bapa chache, bakteria wengi. Kasti za chembe nyeupe zimeonekana. Mkojo umeoteshwa.

Usimpe tu mgonjwa cheti cha namna hiyo akakaa nacho kwenye foleni. Akiwa ni mjamzito, mtoto mdogo, au mwenye kisukari, na una kasti mbele yako, piga simu wodini wakati slaidi bado iko kwenye hadubini. Namba ya wodi ya wazazi ibandikwe ukutani hapo hapo.

Na kikopo usikimwage. Kikae kwenye jokofu mpaka kesho yake, kwa sababu daktari akisoma cheti jioni na kutaka mkojo uoteshwe, huo ndio mkojo pekee uliochukuliwa kabla ya sindano ya kwanza.